Nungwi: Kabla ya kuogelea, uliza saa za maji

Na Mwandishi Wetu

MGENI anayefika Nungwi kwa mara ya kwanza huuliza hoteli ipi ni nafuu, samaki wanauzwa wapi na jua linatua saa ngapi. Swali ambalo wenyeji hulijibu kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai, wageni wengi hawalikumbuki: maji yanakupwa saa ngapi?

Mambo mengi katika mji huo hutegemea jibu la swali hilo. Mvuvi hupanga safari yake kwa maji, mama anayetafuta pweza hutoka kwa maji, na fundi wa vyombo hungoja maji ili aishushe jahazi aliyoimaliza. Mgeni asiyejua saa za maji huweza kupoteza siku nzima akitazama mchanga mtupu, au jambo baya zaidi, akajikuta amezungukwa na bahari mahali alipopita kwa miguu saa mbili zilizotangulia.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, katika Mkoa wa Kaskazini, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mjini. Kutoka Dar es Salaam, msafiri huvuka kwa boti hadi bandari ya Malindi, kisha hupanda daladala namba 116 au hukodi teksi. Wakazi wake kwa karne nyingi wamekuwa wavuvi, mabaharia na mafundi wa vyombo, na lahaja yao ni Kitumbatu. Hoteli za kitalii zilianza kuongezeka katika miaka ya 1990, na leo zimeuzunguka mji upande wa pwani, huku mji wenyewe, wenye misikiti, maduka na vichochoro vyake, ukiendelea na maisha nyuma yake.

Kuzijua saa za maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na pia ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika maji ya Unguja hufikia mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kwa anayetaka kanuni rahisi, siku za bamvua maji hukupwa kiasi cha saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kiasi cha saa 10 au saa 11 jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo maji huwa yamejaa, na jioni huwa yamekupwa. Kwa hiyo, mtu aliyepata likizo ya siku tatu akitazama mwezi kabla ya kukata tiketi atajua mapema kama asubuhi zake zitakuwa za kutembea au za kuogelea.

Nungwi ina bahati ambayo fukwe za mashariki ya Unguja hazina. Kule Paje na Jambiani, maji ya bamvua yakipwa hurudi nyuma mwendo mrefu, na muogeleaji hulazimika kungoja. Nungwi upande wa magharibi, kina cha maji ki karibu na ufukwe, na mtu huweza kuogelea karibu saa zote. Upande wa mashariki wa mji, hata hivyo, hufuata desturi ya fukwe za mashariki.

Maji yakipwa

Wakati wa kupwa, eneo la mashariki hugeuka shamba. Akina mama hutoka na ndoo na vijiti vyenye ncha, wakitafuta pweza mashimoni na kuokota chaza na kombe. Watoto huwafuata nyuma. Mgeni anaweza kutembea kando yao na kutazama, lakini inafaa akumbuke kwamba ile ni kazi inayolisha nyumba, na kwamba pweza aliyetishwa kwa miguu ya watazamaji hujificha. Picha ya mama aliyeinama majini hupigwa baada ya kuomba ruhusa.

Viatu ni lazima. Katika mawe wamo wanyama wa miiba mirefu myeusi, na mwiba ukivunjikia mguuni huharibu likizo yote. Tembea juu ya mchanga, usikanyage matumbawe, kwa kuwa tumbawe lililovunjwa kwa hatua moja huchukua miaka mingi kukua tena.

Kupwa ndio wakati pia wa kutembea kutoka Nungwi hadi Kendwa, ufukwe ulio kusini magharibi, mwendo wa kilomita 3 hivi. Njia hupita chini ya majabali ya mawe ya matumbawe. Maji yakijaa, mawimbi huyagonga majabali hayo na njia hupotea. Anayeondoka wakati maji yangali yanashuka hupata nafasi ya kwenda na kurudi. Anayeondoka wakati maji yameanza kupanda asijidanganye kwa kuona mchanga bado mpana: bahari hupanda haraka zaidi katika saa za katikati kuliko mwanzoni. Aliyechelewa Kendwa arudi kwa barabara.

Maji yakijaa

Maji yakijaa ndipo ufukwe wa magharibi unapopendeza zaidi kwa kuogelea, na siku za bamvua hilo hutokea jioni, kabla ya jua kuzama. Jua huzama baharini kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, kutegemea mwezi wa mwaka. Mashua na ngalawa hutweka matanga kuwatembeza wageni saa hizo. Patana bei kabla ya kupanda, na hakikisha chombo kina maboya ya kujiokolea kwa idadi ya abiria. Vijana wanaotafutia wageni safari, ambao Zanzibar huitwa papasi, wengine ni waaminifu na wengine wanauza safari za vyombo wasivyovijua. Ni bora kuzungumza na nahodha mwenyewe.

Safari ya nusu siku hadi maji ya kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, ndiyo inayopendwa zaidi na watu wanaotaka kutazama samaki na matumbawe kwa miwani ya kuzamia. Kisiwa chenyewe kimekodishwa kwa hoteli na mgeni wa siku moja haruhusiwi kushuka, bali maji yanayokizunguka ni eneo la hifadhi ambalo hutembelewa kwa kulipa ada. Pomboo huonekana huko. Nahodha mwema huzima mashine akawaacha pomboo waamue wenyewe kukaribia. Boti nyingi zinapowafukuza kwa pamoja, abiria ndio wanaoweza kusema basi.

Mafundi wa vyombo

Mtu akikosa bahari Nungwi kwa sababu ya mvua au upepo, hajakosa safari. Aende pwani wanakoundia majahazi. Hapo mkuku hulazwa mchangani chini ya kivuli, mataruma yakasimamishwa juu yake, kisha mbao zikapigiliwa moja baada ya nyingine. Fundi hana mchoro wa karatasi. Vipimo viko kichwani na machoni mwake, alivyovirithi kwa kushika tezo tangu utotoni. Tawi lililojipinda lenyewe msituni ndilo huchaguliwa kuwa taruma, kwa kuwa mti uliopinda kwa maumbile una nguvu kuliko uliopindishwa. Nafasi kati ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, ili maji yasipenye. Ngalawa, ambayo ni ndogo zaidi, huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, na kuwekewa ndubi pande zote mbili ziizuie isipinduke.

Chombo kikubwa huchukua miezi mingi, na siku ya kukishusha majini huwa bamvua kubwa, wanaume wakikivuta kwa kamba huku wakiimba. Mafundi wengi hawachukii kutazamwa. Salamu hutangulia, picha hufuata, na mgeni aliyekaa nusu saa akauliza maswali si vibaya akiacha kitu cha chai.

Kasa wa Mnarani

Karibu na mnara wa taa, mawe ya matumbawe yamefanya bwawa la asili ambalo hupokea maji mapya kila bahari inapojaa. Wanakijiji walilianzisha hapo mwaka 1993 kituo cha kutunza kasa, wakiwemo wanaonaswa kwa bahati mbaya katika nyavu. Katika maji ya Tanzania kuna aina tano za kasa, na mbili ndizo zinazotaga fukweni: kasa wa kawaida na ng'amba. Kasa analindwa kisheria, na mapambo ya gamba la ng'amba hayafai kununuliwa popote yanapouzwa. Mtu anayewakaribia kasa bwawani asiwashike wala asiingie majini akiwa amejipaka mafuta ya kukinga jua.

Nje ya mji

Njiani kurudi Mjini yapo magofu ya Fukuchani na Mvuleni, nyumba za mawe zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16. Wengi huyaita magofu ya Wareno, lakini wataalamu huona ndani yake ufundi wa Waswahili wenyewe. Mbele kidogo iko Mkokotoni, yenye soko na bandari ya vyombo vinavyovuka kwenda kisiwa cha Tumbatu. Tumbatu si kisiwa cha hoteli. Anayetaka kwenda atafute mwenyeji wa kumpeleka na avae kwa heshima.

Adabu ya mji

Jambo hilo la mavazi lahusu Nungwi pia. Nguo ya kuogelea ina mahali pake, nao ni ufukweni. Anayeingia mjini kununua maji ya kunywa ajifunge khanga au avae shati. Mwezi wa Ramadhani, kula na kunywa barabarani huwaumiza wenyeji, ilhali hotelini hakuna anayekatazwa.

Mgeni anaweza kukaa siku nne bila kutoka katika uzio wa hoteli, na fedha zake zote zikabaki humo. Mwingine hushuka dikoni asubuhi wavuvi wanaporudi, akatazama mnada wa jodari, changu na kolekole, akala pweza wa nazi kwa mama lishe, akampa nahodha wa ngalawa nauli yake mkononi. Gharama zao huenda zikalingana, ila huyu wa pili ndiye ambaye mji unamaanisha unaposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Anayetaka kuwa huyo wa pili aanze jioni ile ile ya kufika. Amkute mzee yeyote amekaa barazani, amwamkie shikamoo, kisha amwulize kesho maji yanakupwa saa ngapi. Jibu litamfaa kwa siku zote atakazokaa, na mara nyingi mazungumzo hayataishia hapo.