Heʻeia: Mahali Mkoko Unapong'olewa

Mtu wa Lamu, Rufiji au Pemba akiwaona watu wakiangusha mikoko kwa misumeno huku wakishangilia, atadhani wamerukwa na akili. Kwetu mkoko ni boriti, ni kuni, ni mazalio ya kamba na ngao ya ufuo. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu ulifuata urefu wa boriti zake. Lakini katika bonde la Heʻeia, upande wa mashariki wa kisiwa cha Oʻahu huko Hawaii, kuuangusha mkoko ni sehemu ya kuiponya ardhi. Kujua sababu, inabidi tuanzie mlimani, yanakoanzia maji.

Wahawaii wa kale waliigawa nchi yao katika vipande viitwavyo ahupuaʻa. Kwa kawaida kipande kilianzia kwenye vilele, kikateremka na mto, kikaishia kwenye miamba ya matumbawe. Jina lenyewe linatokana na ahu, lundo la mawe, na puaʻa, nguruwe, kwa kuwa mpakani paliwekwa lundo la mawe lenye sanamu ya nguruwe au ushuru wa chifu. Msimamizi wake, konohiki, ndiye aliyeamua zamu za maji na kutangaza msimu wa kufunga uvuvi. Wa mlimani na wa pwani walikula chungu kimoja, hivyo uchafu wa juu ulikuwa aibu ya wote.

Ahupuaʻa ya Heʻeia inatoka milima ya Koʻolau hadi ghuba ya Kāneʻohe. Bondeni palijaa majaruba ya kalo, zao ambalo Mtanzania huliita magimbi na Mkenya nduma. Mfereji ulichepusha maji ya mto, yakaingia jaruba la kwanza, yakamwagikia la pili, la tatu, kisha yakarudi mtoni. Jaruba lilikopa maji, halikuyamiliki. Humo yalipunguza mwendo, tope likatua, na yaliyofika baharini yakawa yamechujwa. Katika masimulizi ya Wahawaii, kalo ni kaka mkubwa wa binadamu: mtoto wa kwanza, Hāloanaka, alizaliwa mfu, akazikwa, na kaburini pakaota kalo; mdogo wake, Hāloa, ndiye babu wa watu. Anayelima kalo anamtunza kaka, na kaka anamlisha.

Chini kabisa, mto unapokutana na bahari, lipo bwawa la samaki linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka 600 hadi 800. Ukubwa wake ni ekari 88, na ukuta unaolizunguka una urefu wa zaidi ya kilomita 2. Ni kuta mbili za mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, na katikati yake pamejazwa matumbawe. Maji hupenya ukutani polepole. Wimbi likiupiga, ukuta unapumua badala ya kuvunjika. Kila baada ya masafa fulani kuna lango la vijiti vilivyosimamishwa karibu karibu, mākāhā. Maji yakijaa, samaki wadogo hupenya kuingia bwawani, ambako maji ya mto na ya bahari huchanganyika na ukoga wa kulisha huota kwa wingi. Wakishanenepa hawapenyi tena. Maji yanapoingia, wakubwa hukusanyika langoni wakitafuta bahari, na mtunza bwawa huwateka kwa wavu. Walikuwamo zaidi mkizi na mwatiko, samaki wale wale wa pwani yetu. Sisi husema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Heʻeia hawakungoja mkizi akasirike.

Mpango huo ulianza kufumuka mwaka 1848, ardhi ya ufalme ilipogawanywa na kugeuzwa mali ya kumilikiwa. Heʻeia ikamwangukia chifu Abner Pākī, na baadaye bintiye Bernice Pauahi Bishop, aliyefariki mwaka 1884 akiacha wosia wa kuanzisha shule kwa mali yake. Bonde likakodishwa vipande vipande. Miwa ilikuja, mpunga ukaja, mananasi yakaja, ng'ombe wakaja, na kila kimoja kilipoondoka kiliacha udongo mtupu zaidi kuliko kilivyoukuta. Majaruba yalipokosa mkulima, yalimezwa na nyasi ndefu za malisho ambazo asili yake ni Afrika.

Hapo ndipo mkoko unapoingia. Hawaii haikuwa na mikoko ya asili. Mwaka 1902 kampuni ya sukari iliipanda kisiwani Molokaʻi ili ishike tope lililoporomoka kutoka malishoni, na mwaka 1922 miche kutoka Ufilipino ilipandwa kwenye vinamasi vya Oʻahu. Nia haikuwa mbaya, na mkoko ulifanya kazi yake sawasawa: ulishika tope. Ubaya ni kwamba ulilishika mahali ambapo watu walihitaji maji yatembee. Mizizi yake ilijipenyeza kati ya mawe yasiyo na saruji na kuyatenganisha, ikaziba mdomo wa mto, ikageuza bwawa kuwa matope. Mei 1965 mafuriko yalibomoa karibu mita 60 za ukuta. Tundu lile lilikaa wazi kwa nusu karne.

Mwaka 2001 vijana wa Kihawaii waliunda jumuiya ya Paepae o Heʻeia kulifufua bwawa. Walianza na mikoko, kipande kwa kipande, kisha ukuta, jiwe kwa jiwe. Desemba 2015 umati ulijipanga kama watu wetu wa msaragambo, mawe yakapita mkono kwa mkono, na tundu la 1965 likazibwa. Wakati huo jumuiya nyingine, Kākoʻo ʻŌiwi, ilikuwa imekwisha kukodi ekari 405 za bondeni mwaka 2010, ikifyeka nyasi na kufungua majaruba upya. Mwani vamizi unaosonga matumbawe ya ghuba umekuwa ukiondolewa na kupewa wakulima kuwa mbolea.

Mwani huo ungemfurahisha Bill Mollison. Yeye na David Holmgren ndio waliochapisha nchini Australia, mwaka 1978, kitabu kilichoipa dunia neno permakalcha: punguza kasi ya maji, panda tabaka juu ya tabaka, taka ya huyu iwe chakula cha yule. Ukizisoma kanuni hizo kando ya jaruba la Heʻeia, utaona ni watoto wanaomweleza bibi jinsi ya kupika. Hata hivyo, mtoto naye ana lake. Udongo wa leo si ule wa mababu, magugu ni mengine, na msitu wa zamani haurudi kwa kuomba. Kwenye mteremko wa Puʻulani, hapo hapo Heʻeia, badala ya kung'ang'ania nakala ya msitu wa kale, watu wa Kākoʻo ʻŌiwi wamechanganya mimea ya asili na ile iliyokuja kwa mitumbwi ya mababu, kama mshelisheli na mgomba, ili mteremko ushike udongo na ulishe watu pia. Huo ni mseto ambao mwanafunzi wa Mollison angeutambua mara moja.

Lakini kanuni za upanzi peke yake zingeishia kwenye ua wa shamba. Kilichounganisha mlima na bwawa ni neno kuleana, ambalo kwa Kihawaii hubeba haki na wajibu kwa pamoja: huwezi kudai maji bila kudaiwa mfereji. Waliopanda mkoko walikuwa na mche na sababu nzuri. Hawakuwa na deni kwa aliye chini yao.

Na deni halimaliziki. Tunda la mkoko huota likiwa bado mtini, likaanguka majini na kuelea hadi lipate tope. Kwa hiyo ukuta ukishasafishwa, mtu hurudi kuukagua, akichungulia kati ya jiwe na jiwe, aung'oe mche ungali na majani mawili, wakati bado unang'oka kwa vidole.