Kopo la Mama

Sisi tuliokulia Temeke miaka ya themanini tulilijua neno "mlanguzi" kabla hatujajua kusoma. Lilisemwa redioni, lilisemwa na mabalozi wa nyumba kumi, na Jumapili lilisemwa mimbarani. Wakati huohuo, katika mabenchi yetu ya kanisa hapakukosekana mtu aliyenunua kitu asubuhi ili akiuze jioni. Nasimulia habari hizo kwa sababu naamini tulichanganya mambo mawili ambayo manabii hawakuyachanganya.

Hali haikuharibika kwa siku moja. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya ujamaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka uliofuata ikaanza vita na Idi Amin, huku bei ya mafuta duniani ikipanda. Tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, mikanda ikabaki imefungwa. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa vilipatikana kwa foleni, au kwa kibali, au kwa kumjua mtu. Wengi wetu tulikula unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita unga wa yanga, na watoto tulilia kwa sababu ya ladha yake.

Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 mwaka 1981 na shilingi 810 mwaka 1984. Bei, hasa zile za mlango wa nyuma, zilikimbia mbele zaidi. Ndipo lilipozaliwa neno "mradi". Mwalimu alikuwa na mradi wa kuku, nesi alikuwa na mradi wa barafu, na karani aliuza maandazi aliyoyakaanga usiku. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyekaa Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka hiyo, alikuta kwamba sehemu kubwa ya kipato cha kaya za mjini ilitoka kwenye miradi ya namna hii, wala si kwenye mshahara. Kwa kusema kweli hakuhitajika mtafiti kutuambia hilo. Angalia tu sadaka ya mavuno: mayai, ndizi na makopo ya unga yaliyonadiwa uani baada ya ibada yalitoka wapi? Na yai lililonunuliwa pale mnadani mara tatu ya bei yake hakuna aliyeliita la ulanguzi.

Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulianza msako wa wahujumu uchumi. Ulikuwa na sababu yake. Walikuwapo watu waliojaza maghala huku majirani wakikosa hata kipande cha sabuni, na sioni haya kusema kwamba hao walistahili kuulizwa. Lakini hofu haikuchagua. Mwenye ghala alitetemeka, na mama mwenye miche mitano ya sabuni chini ya kitanda alitetemeka vilevile. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya nguvu kazi, na wauzaji wadogo waliookotwa mitaani wakahesabiwa kuwa wazururaji wa kupelekwa vijijini. Temeke tulikuwa tumeyaona hayo tangu awali: Gezaulole, ng'ambo ya Kigamboni, kilikuwa kijiji cha ujamaa ambako watu wasio na kazi mjini walihamishiwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jina lenyewe kwa Kizaramo ni kama kusema "jaribu uone".

Mama yangu alikuwa karani. Yeye na wanawake wawili wa jumuiya yetu walichanga fedha, wakanunua gunia la sukari kwa mtu, wakaligawa. Fungu lake alilipima kwa kopo la maziwa, akawauzia majirani jioni, mlango ukiwa umerudishwa. Faida ilikuwa karo yetu na nauli yake. Siyo kwamba alikuwa malaika: bei yake ilizidi ya serikali, na waliolipa tofauti hiyo walikuwa maskini kama sisi. Ila bila yeye wasingeipata kabisa, maana hawakuwa na kibali wala hawakumjua mtu.

Jumapili moja mhubiri akasema kwamba mlanguzi na mwizi ni ndugu. Mama akaacha kushiriki Meza ya Bwana. Alikaa miezi kadhaa akibaki kwenye benchi wakati wengine wanakwenda mbele, na alinikataza kumwuliza.

Hatimaye mzee wa kanisa wa mtaa wetu alikuja nyumbani. Mama akamwambia sababu. Yule mzee hakufungua Biblia. Akasema, "Mama, hebu niletee hilo kopo." Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kitako. Siku hizo wauzaji wengine walibonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, mnunuzi aone limejaa kumbe limepungua. La mama lilikuwa limenyooka. Akamrudishia, akasema, "Jumapili nitakuona mbele."

Baadaye, nilipomsoma Amosi sura ya nane, nilimkumbuka mzee yule. Nabii anawakemea wauza nafaka wanaopunguza kipimo na kuwanunua maskini. Hawakemei kwa sababu wanauza. Na Lidia wa Filipi alikuwa mfanyabiashara, tena Paulo alikaa nyumbani kwake.

Upepo uligeuka upesi. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na mitumba ikaanza kuonekana tena. Wauzaji wadogo wakapewa leseni, nazo zikaitwa za nguvu kazi, jina lilelile la msako. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 maamuzi ya Zanzibar yakawaruhusu hata viongozi kuwa na miradi. Siku hizi tunaita ujasiriamali, na kanisani kuna semina zake. Sikumbuki mahubiri hata mamoja ya kuwaomba radhi wale waliobaki kwenye mabenchi.

Wale wawili waliochangia gunia na mama hawakutembelewa na mtu. Mmoja alihamia Mbagala akaacha kabisa kusali nasi. Mama aliendelea kumpelekea sukari.