"Kamati yaeleza wasiwasi": jinsi ya kusikiliza tahadhari za wanadiplomasia

Taarifa ya habari ikisema kwamba kamati ya kimataifa "imeeleza wasiwasi" kuhusu bwawa la umeme kwenye Mto Rufiji, msikilizaji wa Nyamisati au Mbuchi anaweza kudhani hayo ni maneno ya adabu tu, yasemwe kisha yapite. Lakini katika vikao hivyo maneno hupimwa kama dhahabu kwa sonara. Wajumbe hubishana muda mrefu juu ya kitenzi kimoja, kwa sababu "kueleza wasiwasi" ni jambo moja na "kusikitika sana" ni jambo jingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuyasikiliza maneno hayo. Mfano wetu ni Rufiji yenyewe, kwa kuwa mto huu umejadiliwa kwenye meza hizo kwa miaka mingi.

Mto mmoja, mikataba miwili

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa ndani ya eneo la Pori la Akiba la Selous, ambalo UNESCO iliandika kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Huku chini, delta yetu pamoja na Mafia na Kilwa iliandikwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, unaohusu ardhioevu: karibu hekta 597,000 za mikoko, visiwa, mito na maji ya bahari. Kwa hiyo maji yale yale yanatoka kwenye mkataba mmoja na kuingia kwenye mwingine kabla ya kufika baharini.

Mikataba hii iliandikwa na nchi zilizotaka kutia saini bila kujifunga mikono na miguu. Ule wa Ramsar, wa mwaka 1971, unazitaka nchi kuhimiza matumizi ya busara ya ardhioevu zao "kwa kadiri inavyowezekana". Ule wa Urithi wa Dunia, wa mwaka 1972, unasema kila nchi itajitahidi kwa kadiri inavyowezekana na inavyofaa kwa nchi hiyo, kisha unaongeza kwamba mamlaka ya nchi juu ya ardhi yake yataheshimiwa. Mtu wa Kibiti hahitaji mwanasheria kuyaelewa maneno hayo. Ni ndugu wa "kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu" tunayoisikia kwenye mkutano wa kijiji: barabara imeahidiwa, na mlango wa kutokea umeachwa wazi humo humo.

Si kila kifungu kina mlango huo. Ramsar inasema kwamba kama hali ya kiikolojia ya eneo lililoorodheshwa imebadilika, inabadilika au inaelekea kubadilika kwa sababu ya shughuli za watu, taarifa zitapelekwa bila kuchelewa. Angalia neno "inaelekea". Haingojwi mpaka mikoko ife.

Ngazi ya maneno

Kamati ya Urithi wa Dunia ina nchi wanachama 21. Uamuzi wake huandikwa kama sentensi moja ndefu iliyokatwa vipande vyenye namba, na kila kipande huanza na kitenzi. Uzito wote umo kwenye kitenzi hicho.

Ngazi ya chini ni "inabainisha". Maana yake tumesikia, lakini hatujasema tumekubali. Ni kama kiongozi anayejibu hoja ya mwananchi kwa "limepokelewa". Ikiwa "inabainisha kwa wasiwasi", tayari kuna kidole kimeinuliwa. Juu yake kuna "inaeleza wasiwasi mkubwa", na juu zaidi kuna "inasikitika" na "inasikitika sana", maneno yanayotumika pale ambapo nchi imefanya jambo iliyoombwa isifanye. Upande wa kutaka hatua nao una madaraja: "inaalika" ni hiari, "inaomba" inategemea jibu, na "inasihi" ni karibu na amri kwa watu wasio na uwezo wa kuamrishana.

Neno ambalo nchi huliogopa kuliko yote, kwa maoni yetu, linasikika la upole kabisa: "ikikumbuka". Linairudishia nchi kauli yake yenyewe. Mwaka 2012 Tanzania iliomba kipande cha Selous chenye urani, kwenye Mto Mkuju, kitolewe nje ya mpaka wa urithi. Kamati ilikubali, na kwenye uamuzi huo ikaandika ahadi ya Tanzania kwamba haitafanya shughuli za maendeleo ndani ya Selous bila idhini ya Kamati. Mkandarasi wa bwawa aliposaini Desemba 2018, kampuni mbili za Misri, kumbukumbu hiyo ilikuwa mezani.

Mwaka 2014 Selous iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuuawa kwa tembo. Katika kikao cha Baku mwaka 2019 lugha ilipanda hadi kwenye majuto na wasiwasi wa juu kabisa, na Kamati ikaonya kwamba kukata misitu kwa ajili ya bwawa kungeweza kuifikisha Selous kwenye masharti ya kufutwa. Hata hapo wataalamu walijilinda: waliandika kwamba kuna uwezekano mkubwa wa madhara makubwa yasiyorekebishika. Hawakuandika kwamba madhara yatatokea. Mtaalamu anayesema "yatatokea" anaweza kuulizwa kesho mbona hayajatokea.

Serikali ilikuwa na hoja zake, na si hoja nyepesi. Nchi inahitaji umeme, na mradi huu ni wa megawati 2,115. Wazo la bwawa kwenye korongo la Stiegler lilijulikana kabla Selous haijaorodheshwa. Na nchi inayojibu kwenye vikao hivi mara chache husema "tunakataa". Husema imepokea ushauri, itaendelea kushirikiana, tathmini zinafanyika. Sisi huku tuna yetu: "tutalifanyia kazi".

Kikao cha 2021

Mwaka 2021 rasimu iliyoletwa ilipendekeza Selous ifutwe kabisa. Wajumbe, wa nchi za Afrika wakiwamo, waliomba rasimu ibadilishwe, na Selous ikabaki kwenye orodha ya hatari. Katika kikao hicho hicho mji wa Liverpool, Uingereza, ulifutwa. Kabla yake Oman ilikuwa nchi ya kwanza kufutiwa eneo, mwaka 2007, baada ya kupunguza hifadhi yake ya choroa kwa asilimia 90.

Maneno hayakulizuia bwawa. Lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Kamati haina mahakama wala polisi. Silaha yake kubwa ni kufuta jina. Na kufutwa kwa jina hakumletei mkulima wa mlau tope jipya shambani, wala hakumrudishii mvuvi kamba. Tena eneo likishafutwa, Kamati inapoteza nafasi ya kudai ripoti juu yake. Ndiyo maana aya zilizostahili masikio ya watu wa delta hazikuwa zile za kufuta zilizopigiwa kelele. Zilikuwa zile za kuchosha, zinazoomba tathmini ihesabu pia athari za chini ya mto: maji matamu yatafika kiasi gani na lini, tope kiasi gani litabaki nyuma ya ukuta, chumvi itapanda hadi wapi. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti yaliliweka swali hilo wazi. Serikali ilisema bwawa lilipunguza mafuriko, huku baadhi ya wananchi wakilalamikia maji yaliyofunguliwa.

Mabano, na "niulize nyumbani"

Kabla ya uamuzi kufika kwenye redio, rasimu huonyeshwa kwenye skrini. Katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa, neno ambalo halijakubaliwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba. Mjumbe anayesema "ningependa mabano hapo" hajakataa, ila hajafunga mlango. Anayesema "itabidi niwasiliane na serikali yangu" anaweza kuwa anasema kweli, au ananunua usiku mmoja wa kufikiri. Wenzake nao hawajui ni lipi.

Jinsi neno moja lilivyo zito lilionekana Paris tarehe 12 Desemba 2015, saa za mwisho za mkataba wa tabianchi. Rasimu ilisema nchi tajiri "zitaendelea" kuongoza katika kupunguza hewa chafu. Marekani ikagoma: kwa lugha ya sheria hilo ni sharti. Likabadilishwa kuwa "zinapaswa kuendelea", likasomwa ukumbini kama marekebisho ya uandishi, na mkataba ukapita. Kwa Kiswahili cha sheria zetu sharti hujificha ndani ya silabi moja, "-ta-", ambayo msomaji wa haraka huiona kama wakati ujao tu. Glasgow mwaka 2021 ikawa hivyo tena: makaa ya mawe yalikuwa "yaondolewe hatua kwa hatua", na dakika za mwisho India ikaomba "yapunguzwe hatua kwa hatua". Kwa delta inayolimwa karibu usawa wa bahari, tofauti ya kuondoa na kupunguza ni ya maji chumvi.

Kwa hiyo habari inayofuata ikifika, sikiliza kitenzi kilichotumika na kama kimepanda au kimeshuka tangu mwaka uliopita. Kisha tafuta aya ya mwisho. Katika maamuzi ya Kamati, aya hiyo kwa kawaida huiomba nchi kuleta ripoti ya hali ya eneo kabla ya tarehe iliyotajwa, mara nyingi 1 Februari. Maamuzi yenyewe huwekwa kwenye tovuti ya Kituo cha Urithi wa Dunia cha UNESCO, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwalimu wa kijijini au ofisa mtendaji mwenye simu anaweza kusoma ukurasa wa Selous kwa nusu saa na kuuliza kwenye mkutano: ripoti ya mwaka huu imesema nini kuhusu chini ya mto?