Mchezo Ukikatizwa, Pesa za Mezani Ni za Nani?

Wasee, kuna Jumamosi moja tulikuwa tunacheza karata kejani, mimi na beshte yangu. Kila mtu aliweka soo nne mezani. Wa kwanza kushinda raundi tatu anabeba zote mia nane. Mimi nilikuwa nimeshinda mbili, yeye moja, halafu akapigiwa simu: mat ya mwisho ya kwao inaondoka. Mchezo ukaishia hapo.

Yeye alitaka tugawane nusu kwa nusu. Mimi nikasema naongoza, kwa hivyo zote zangu. Jamaa mwingine aliyekuwa ameketi kwa kitanda akasema mimi nipate mafungu mawili, yeye moja. Tulibishana hadi akakaribia kuachwa na gari.

Kumbe huo ubishi una zaidi ya miaka 500! Mwaka wa 1494, mtawa Mwitaliano aitwaye Luca Pacioli aliandika kwa kitabu chake cha hesabu kuhusu timu mbili zinazocheza mpira hadi pointi 60, kila raundi pointi 10. Mchezo unakatizwa moja ikiwa na 50, nyingine 20. Pacioli alisema pesa zigawanywe 5 kwa 2, kulingana na pointi zilizopatikana. Ukiangalia haraka unaona ni haki.

Mwaka wa 1556, Niccolò Tartaglia, Mwitaliano mwingine, aliona shida. Kama mchezo umesimama baada ya raundi moja tu, 10 kwa 0, ina maana mwenye 10 abebe kila kitu? Haiwezekani, mchezo ndio umeanza tu. Yeye aliona hili ni jambo la mahakama kuliko la hesabu.

Jibu lilikuja 1654, kwa barua. Blaise Pascal alikuwa Paris, kijana wa miaka 31. Pierre de Fermat alikuwa Toulouse, mwanasheria ambaye hesabu aliifanya tu kwa mapenzi. Swali lilikuwa limefika kwa Pascal kupitia Antoine Gombaud, mpenda kamari aliyejulikana kama Chevalier de Méré. Mfano wa Pascal ulikuwa karibu sawa na wetu: raundi tatu, mmoja ana mbili, mwingine moja, kila mtu ameweka pistole 32.

Fermat alisema hivi: wacha ya nyuma, hesabu yaliyobaki. Fikiria raundi mbili zaidi. Kuna njia nne tu zinaweza kwenda, na beshte yangu anashinda kwa njia moja pekee, akichukua zote mbili. Kwa hivyo robo ni yake. Pascal alipita njia nyingine: hata nikipoteza raundi ijayo tunakuwa sare, kwa hivyo soo nne ni zangu tayari. Soo nne zilizobaki ni nusu kwa nusu. Njia zote zinafika palepale: mimi 600, yeye 200. Sisi wote watatu kejani tulikuwa tumekosea.

Hata wale wa Pacioli, timu ya nyuma ilihitaji kushinda raundi nne mfululizo. Kama timu zinatoshana nguvu, hiyo ni nafasi moja kati ya 16. Yeye aliipa mafungu mawili kati ya saba!

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu hesabu hiyo iko kwa simu yako. Kile kitufe cha kutoa pesa kabla mechi ziishe ni swali la Pacioli lenyewe. Mwaka jana nilikuwa na mkeka wa kulipa 4,800. Zilibaki mechi mbili, na kwa macho yangu kila moja ilikuwa nusu kwa nusu. Nafasi ya kushinda zote mbili ni robo, kwa hivyo haki yangu ilikuwa 1,200. Programu ikanipa 900. Nikabonyeza nikiwa na furaha, manze, nikidhani nimeokolewa. Hiyo 300 ilikuwa unga na mafuta ya nyumba.

Na hata kabla ya kitufe, angalia odi zenyewe. Mchezo wa nusu kwa nusu unafaa kulipa 2.00 kila upande. Wakikupa 1.85 kila upande, watu wawili wakiweka soo moja moja, mshindi anapata 185. Bob 15 zimebaki kwa mwenye meza, na yeye hajabahatisha chochote.

Sisemi ucheze, na sisemi hesabu itakutajirisha. Pascal na Fermat walikuwa wanatafuta haki kati ya wachezaji wawili. Programu imekaa upande wa tatu wa meza, na hesabu yao inaijua vizuri kukuliko.

Beshte yangu, kama unasoma hii: siku ile uliondoka na soo nne. Soo mbili ni zangu, bana.