Land Rover 109 na Safari za Kinole

Kabla ya magari, mazao ya Kinole yalishuka mlimani yakiwa yamebebwa kichwani. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, lakini kati ya stesheni ya mji huo na mashamba ya mteremko wa mashariki wa milima ya Uluguru, ilipo Kinole, palibaki miinuko, mito na tope. Mteremko huo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, vuli na masika, na gari la kawaida halikufua dafu.

Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ndiyo iliyoziba pengo hilo. Iliyozoeleka zaidi kwa abiria na mizigo ni 109, tarakimu inayotaja umbali wa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi yake ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma, springi ni za majani, na karibu kila kitu hufunguka kwa spana.

Safari ndefu kwa gari hilo ilikuwa kushuka kutoka Kinole kupitia Mkuyuni na Kiroka hadi Morogoro mjini, kisha kilomita 190 hivi za lami hadi Dar es Salaam. Hizo ni barabara mbili zisizofanana, na gari kuukuu ilibidi liandaliwe kwa zote mbili.

Fundi wa mlimani aliyejua kazi alianza na breki, si injini. Gari lililogoma kuwaka huchelewesha mananasi tu. Breki za 109 ni za dramu pande zote, na nyingi zilitegemea mfumo mmoja wa oili: paipu ikipasuka kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne hukosa breki. Dramu zilifunguliwa, tope likatolewa, viatu vikasogezwa, na paipu zikakaguliwa moja moja. Hata hivyo dereva mzoefu aliteremka kwa gia nzito, kwa sababu dramu iliyopata moto au kuingia maji haishiki.

Springi zilifuata. Jani lililovunjika lilibadilishwa na yuboliti zikakazwa upya, maana mzigo wa ndizi huzilegeza. Kwa ajili ya lami, beringi za magurudumu zilipakwa grisi mpya. Mwendo wa kasi kwa saa kadhaa huzichemsha kuliko mlima. Kwenye injini, kazi kubwa ilikuwa rejeta, mkanda wa feni, plagi na platini. Betri ikichoka, palikuwa na hendeli ya mbele.

Udhaifu uliojulikana ni ekseli za nyuma, zilizokatika kwa urahisi chini ya mzigo. Dawa yake ilikuwa kubeba ya akiba. Ikikosekana, vipande vilichomolewa, gurudumu likabaki limeshikwa na habu yake, na gari likavutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Ni magari machache yanayomruhusu dereva kufanya hivyo.

Maarifa haya yalikomazwa na dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na vipuri pamoja nazo. Gereji bubu zilistawi: gasketi zilikatwa kwa mkono, chesisi zikachomelewa, gari moja bovu likatoa viungo kwa mengine matatu. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na polepole maduka ya vipuri ya Dar es Salaam yakajaa tena. Ndipo taabu ya fundi ikageuka: zamani alikikosa kipuri, sasa anakipata lakini hakidumu.

Series III, toleo la mwisho la 109 zenye springi za majani, lilikoma kuundwa mwaka 1985. Siku hizi bodaboda huchukua abiria wengi wa milimani, na 109 zilizobaki hubeba zaidi mizigo.