Monika na Saumu ya Jumamosi

Jumatano ya Majivu nilirudi kutoka misa ya alfajiri nikiwa na alama ya msalaba kwenye paji la uso, na kabla sijavua viatu nikamfokea binti yangu. Alikuwa amemwaga uji kwenye sare, na gari la shule lilikuwa limeshapiga honi mara mbili. Mama yake, aliyekuwa zamu ya usiku, alikuwa hajarudi. Binti alinitazama usoni, akauliza, "Baba, hayo majivu ni ya nini?" Nikamwambia awahi gari.

Kwaresima naijua tangu utoto: kufunga, kusali, kutoa sadaka, Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Lakini mzazi wa watoto wawili wadogo halali vya kutosha, anakula kilichobaki kwenye sahani za wenzake, na mshahara wake una wenyewe kabla haujaingia. Nilipoandika maazimio yangu ya siku 40 nilijiona kama mpagazi anayeongezewa gunia.

Jumuiya yetu ina jina la Mtakatifu Monika. Usiku, watoto wakishalala, nikaanza kusoma habari zake. Nilimtarajia yule mama wa kwenye picha, mwenye ushungi na macho yaliyoinuliwa mbinguni. Nikakutana na mzazi aliyechoka.

Monika alizaliwa karibu mwaka 331 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Mwanawe Augustino alikuwa na akili nyingi na masikio machache. Alifuata dini ya Mani kwa miaka tisa hivi. Mama alimsihi askofu mmoja azungumze naye; askofu akakataa, na mama akalia mpaka askofu mwenyewe akachoka. Mwaka 383, bandarini Karthago, Augustino alimdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Usiku huo mama alibaki akisali kanisani, na mwana akapanda meli kwenda Roma. Baadaye Monika alivuka bahari kumfuata, akamkuta Milano.

Hapo Milano ndipo niliposoma polepole. Monika alikuwa na swali dogo: Jumamosi afunge au asifunge? Kwao walifunga, Roma walifunga, Milano hawakufunga. Augustino, ambaye wakati huo mambo hayo hayakumgusa, alikwenda kumuulizia mama yake kwa Askofu Ambrosi. Jibu lilikuwa jepesi: akiwa Roma, Ambrosi hufunga Jumamosi, akiwa Milano, hafungi. Fuata desturi ya kanisa ulipo. Monika akaridhika. Siku nyingine alipeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi, kama walivyozoea Afrika. Bawabu akamzuia kwa amri ya askofu. Akatii bila kununa. Nilishangaa jinsi alivyoweza kuweka chini jambo alilolifanya miaka yote kwa ajili ya Mungu.

Kisha ukaja mwaka 386. Siku za kuelekea Pasaka, Justina, mama wa Kaisari kijana Valentiniano wa Pili, alitaka kanisa moja la mji litolewe kwa wafuasi wa Ario. Ambrosi akakataa. Waumini wakakesha kanisani pamoja naye, askari wakiwa nje, na Monika alikuwa mstari wa mbele. Augustino anasimulia kwamba ni katika siku hizo walipoanza kuimba zaburi na tenzi kwa namna ya makanisa ya Mashariki, ili watu wasizimie kwa huzuni na uchovu.

Nilifunga kitabu hapo. Miaka yote nilidhani wimbo ni pambo la ibada, kitu cha watu wenye nguvu na sauti. Kumbe pale Milano ulitolewa kama uji wa mgonjwa. Waliokuwa wamechoka hawakuambiwa waongeze bidii, walipewa kitu cha kufanya pamoja.

Usiku wa Pasaka, Aprili 387, Ambrosi alimbatiza Augustino pamoja na mwanawe Adeodato. Miezi michache baadaye Monika alifariki Ostia, njiani kurudi Afrika, akiwa na miaka 56 hivi.

Nilifuta orodha yangu, nikabakiza mambo mawili: saumu ya Ijumaa, na wimbo mmoja kila jioni nikifua sare, watoto wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Sauti yangu ni mbaya. Jioni nyingine nasinzia kabla yao, na bado nafoka, ingawa sasa nasikia ninapofoka.

Wiki ya tatu binti aliuliza tena habari za majivu. Nikamwambia ni ya kuomba msamaha.

"Kwa Mungu?"

"Na kwako. Kwa ile asubuhi ya uji."

Akafikiri kidogo, akasema nimeruka ubeti wa pili. Tukaanza upya.