Mbio za Jumamosi zilianzishwa na mtu aliyekuwa hawezi kukimbia

MAMA NA MAZOEZI, SEHEMU YA 6

Swali lililojaa inboksi wiki hii ni hili: "Nesi, nilikuwa nakimbia na kikundi kila Jumamosi, nikapata ujauzito nikaacha. Sasa mtoto ana miezi 5, naona aibu kurudi. Si nitakuwa wa mwisho?"

Kabla sijakujibu, ngoja nikupe historia kidogo.

Tarehe 2 Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita 5 katika bustani ya Bushy Park, London. Aliyewaita, Paul Sinton-Hewitt, hakukimbia. Alikuwa mkimbiaji mzuri, lakini aliumia, mazoezi yakasimama, na akawakosa wenzake. Basi akaamua kuwapimia muda ili wakutane, halafu wakanywe kahawa pamoja. Vifaa? Saa, karatasi, na washa za chuma zilizogongwa namba. Ukimaliza unapewa yako, ijulikane umekuwa wa ngapi. Kiingilio hakuna.

Wiki iliyofuata wakarudi tena. Mwaka 2007 wakafungua sehemu ya pili, Wimbledon. Mwaka 2011 zikafika Afrika Kusini. Leo zinaitwa parkrun na ziko katika nchi zaidi ya 20.

Umeona hapo? Aliyeweka msingi alikuwa kwenye mapumziko kama wewe. Na utaratibu wao unaonyesha hivyo. Kila wiki mtu mmoja wa kujitolea anatembea nyuma ya wote, yeye ndiye anayefunga mstari. Kwa hiyo hata mama anayesukuma kigari cha mtoto hawi wa mwisho. Kutembea ruksa. Asiyeweza kabisa anashika saa au anagawa namba, na bado anahesabiwa ni mwenzao.

Machi 2020 korona ikasimamisha kila kitu. England walirudi tarehe 24 Julai 2021, miezi 16 baadaye. Wepesi kwa wazito, wote walirudi wakitoka mapumzikoni.

Sasa jibu lako, mama.

Mwaka 2019 wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza walitoa mwongozo: usianze kukimbia kabla ya wiki 12 baada ya kujifungua. Hizo 12 ni za chini kabisa, si amri kwamba zikifika lazima ukimbie. Anza kwa kutembea. Ukiweza kutembea dakika 30 bila shida, changanya: dakika 1 mbio za taratibu, dakika 2 kutembea.

Simama, uende kituo cha afya, ukiona:
- mkojo unakuponyoka ukikimbia au ukipiga chafya
- uzito huku chini, kama kitu kinataka kutoka
- damu inarudi
- maumivu ya nyonga, au ya kidonda kama ulijifungua kwa upasuaji

Usikubali kuambiwa "ndo uzazi huo, vumilia." Haya mambo yanatibika.

Na kama mwili bado, usisubiri upone ndipo urudi kwa wenzako. Mpigie kiongozi wa kikundi leo, mwambie Jumamosi utashika saa. Baba, wewe siku hiyo unabaki na mtoto. Mama anyonyeshe kabla ya kutoka, mengine utaweza.

Sehemu ya 7: mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, unayafanya hata ukiwa unaosha vyombo. Mtumie mwenzako aliyeacha mbio.